Kupima kwa Kidole

Nimefanya kazi za mitambo miaka kumi na tisa, kuanzia kwenye machimbo ya Geita mpaka barabara za vumbi za huku Isaka, na kitu nilichowafundisha watu wengi kuliko vyote ni upuuzi. Unapofunga baketi la kuchimbia la eskaveta, tundu la baketi na tundu la mkono wa mashine lazima yakutane ndipo pini ipite. Kampuni ilitupatia mtaimbo mwembamba wa kupimia. Sisi tulipima kwa kidole. Unakiingiza, unapapasa ukingo, unajua imebaki kidogo au imebaki sana. Mtaimbo tuliuegesha kwenye mlango wa kontena usifungwe na upepo, na aliyediriki kuutumia tulimwita bibi harusi.

Siku yangu ilifika asubuhi tu, jua halijakaza. Nilikuwa na ule uchovu wa mtu anayeijua kazi mpaka haitazami tena. Opereta, mtu tuliyefanya kazi pamoja miaka minne, alikuwa juu kwenye kiti chake. Kutoka kule juu haoni tundu, anaona mkono wangu wa kushoto tu. Kidole kikiwa bado ndani na vingine vimeshika ukingo, mkono huo wa kushoto ukampa ishara ya kushusha. Akashusha. Vidole viwili vya kulia vilikwenda palepale, cha tatu walikikata hospitali.

Nikiwa bado wodini alikuja ofisa usalama wa kampuni, akaniuliza nani alitoa ishara. Nikamwambia sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Niliona aibu, maana pale kazini mwalimu wa wote nilikuwa mimi. Basi wakaandika kwamba opereta alishusha bila ishara, wakamsimamisha kazi.

Baada ya miezi miwili alikuja nyumbani kwangu Samuye kunipa pole, kashika kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Akamsalimia mke wangu kwa Kisukuma, akauliza habari za ng'ombe na za mvua, akakaa. Mke wangu akaleta ugali na maziwa ya mgando, na kijiko kimoja cha kwangu, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye bandeji na wa kushoto siwezi kuuingiza kwenye sahani ya watu. Mgeni akakitazama kile kijiko, akaomba na yeye aletewe. Alisema mikono yake ina grisi. Hakuwa amegusa mashine kwa miezi miwili.

Nikakiacha kijiko changu kwenye ugali.

"Ishara niliitoa mimi, kaka," nikamwambia. "Kidole kikiwa bado tunduni."

Aliweka kijiko chini. Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia, ule wa kushushia baketi.

"Kila siku nauuliza huu mkono ulifanya nini," akasema. "Hata mwanangu naogopa kumshika nao."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alimaliza maziwa yake, kisha akaniomba kesho yake twende wote ofisini.

Tulikwenda. Nilieleza yote, ofisa akaandika, nikasaini kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa chekechea. Akasema amenielewa, ila mashine ina opereta mwingine tangu mwezi uliopita, na hawezi kumtoa mtu asiye na kosa. Mwenzangu akamshukuru, tukatoka.

Njiani kuelekea stendi nilianza kumwomba radhi upya. Akanikatiza. Alisema anataka jambo moja tu, nimpigie mke wake simu, nimweleze kwa sauti yangu mwenyewe kwamba kosa halikuwa la mume wake. Akabonyeza namba, akanishikia simu sikioni. Nikasema yote kwa mara ya tatu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akaniuliza kama mkono unaendelea vizuri.