Sababu ya Kifo cha Pantaleo

Ukifiwa Kariakoo nawe ni mtu wa Rombo, unanunua jeneza, unakodi basi la kwenda kuzika nyumbani, kisha unampigia simu Winifrida. Ana steshenari Mtaa wa Sikukuu, na mwaka wa kumi na tano huu ndiye anayeandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa msibani kabla mwili haujaondoka. Kupamba anajua. Mkorofi huwa "mtu wa msimamo". Na wanaume waliokunywa mpaka macho yakageuka rangi ya bizari, wote, kwa kalamu yake, "walisumbuliwa na presha". Watu wazima na akili zao husikiliza na kuitikia kwa vichwa. Presha gani hiyo inayochagua walevi tu?

Safari hii marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Pantaleo, muuza mabomba ya maji, miaka arobaini na tisa. Alikuwa akifungua duka kwa kichupa cha pombe kali na kulifunga kwa kingine, na vya katikati hakuna aliyevijua idadi. Mwishowe ini likagoma.

Misa ya kumuaga ilikuwa saa nne asubuhi, nyumbani kwake Ilala. Saa mbili Winifrida alikuwa bado dukani kwake, wasifu haujakamilika. Aliketi, akainuka, akafuta meza iliyokuwa safi, akatoka nje, akarudi. Kila alipofika kwenye sababu ya kifo alimwona Rogath, mtoto wa Pantaleo, kijana wa miaka ishirini na sita, jinsi alivyokuwa jana chini ya turubai: anapokea pole huku ameegemea nguzo, ananuka kama baba yake.

Simu ikaita. Alikuwa Candida, mjane.

"Wifi, umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Andika presha, nakuomba. Usinivue nguo mbele za watu."

"Nimesikia, wifi."

Kusikia alisikia, ila hakuahidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye alikuwa akificha hata vifo vyenyewe. Hasira zikampanda, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe. Akaandika bila kupumua, akachapa, akatoka mbio kutafuta bodaboda.

Msibani alisoma mwenyewe. Kuzaliwa, shule, ndoa, biashara, yote kama ilivyo ada. Kisha akasoma: "Kaka yangu hakuwa na presha. Ameuawa na pombe. Amekunywa miaka ishirini, sote tunamwangalia."

Wapishi kule nyuma waliacha kugongesha masufuria. Candida alijifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja wa ukoo akafoka, "Ndiyo mambo gani haya?" na padri, mtu mzoefu, akaanzisha wimbo harakaharaka.

Kwenye basi la kwenda Rombo kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu. Lakini moyoni alijiona mshindi. Ukweli ameusema, atakayenuna na anune. Ndipo Rogath akaja, akaketi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Yale uliyoyasoma, baba uliwahi kumwambia?"

Zilimjia Winifrida Jumapili alizokaa mezani na kaka yake, akimsogezea nyama ili angalau ale kwanza ndipo anywe, na kumuuliza habari za dukani. Aibu ilimchoma kuliko kelele za ukoo mzima.

"Hapana," alisema. "Hata siku moja."

Rogath akageukia dirishani. Basi likaanza kusogea, kina mama wakaangua kilio. Winifrida hakujua pa kuanzia. Maiti alizozoea kuziandikia hazikuwahi kumkatiza wala kumkasirikia, na huyu alikuwa hai. Akamshika mkono.

"Rogath, unakunywa sana. Utakufa."

Akamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, basi zima likasikia.