Bibi wa Stelingi

Ukifika Mashewa siku ya gulio ukamuulizia Muhidini, wauza nyanya watakuuliza kwanza, "Yupi?" Ukisema yule anayesemea filamu, mtu ataacha nyanya zake akupeleke mpaka mlangoni.

Muhidini analima mahindi na mihogo kama wenzake. Lakini jua likianza kulegea huoga, huvaa shati safi, na kwenda kuketi mbele ya televisheni kubwa katika kibanda chake cha mabati, kipaza sauti mkononi. Hapo ndipo Wazungu, Wachina na Wahindi wote hugeuka kuwa watu wa Korogwe. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Yeye huitazama filamu peke yake kwanza, amezima sauti, akizisoma nyuso mpaka ajue nani kamkosea nani. Akishajua, anasema. Jambazi akitupwa dirishani, Muhidini humlilia: "Jamani, mimi nilitumwa tu!" Na kibanda kizima kinamsamehe jambazi.

Sauti anazo nyingi, ila iliyopendwa kupita zote ni ya bibi. Bibi kizee yeyote akitokea kwenye kioo, awe wa nchi yoyote, alitoa kwanza kikohozi kifupi kikavu, akasema "Ehe!" kama anayefunga mlango, kisha akaanza kumsuta mtu. Vijana walicheka mpaka wakadondoka kwenye mabenchi. Walicheka zaidi kwa kuwa walimjua mwenye sauti, ambaye huja mara moja moja kuona wajukuu. Alikuwa Bi Maryamu wa Handeni, mama mzazi wa Fatu, mkewe Muhidini.

Hilo lilikuwa kosa, tena kubwa. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwingine apite. Chumba kimoja hawakai, chakula hawali pamoja, na neno likiwa la lazima hupitia kwa mtu wa tatu. Muhidini aliyatimiza yote hayo bila kuteleza. Lakini tangu alipokuwa mchumba, akingoja nje ya nyumba ya Handeni, alikuwa akiisikia ile sauti nyuma ya ukuta ikiwasuta kuku, wajukuu na mvua, na aliipenda kama mtu anavyoupenda moto siku ya baridi. Sura ya mama huyu hakuruhusiwa kuitazama. Sauti ikamwingia bila kuomba ruhusa, na ilipotafuta pa kutokea, ikatokea kwenye kipaza sauti. Hakujiona mkosaji. Handeni ni mbali, na Bi Maryamu hajawahi kukanyaga kibandani.

Mwaka huu, katikati ya Ramadhani, akina mama wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hussein. Watoto, walisema, wanatoroka madrasa kwenda kutazama watu wakichinjana. Wakirudi nyumbani wanapigana mateke, na lugha yao haisemeki. Mzee Hussein akamwita Muhidini.

"Kijana, mimi sina ugomvi na wewe. Idd pili, mchana kweupe, utuonyeshe filamu moja ambayo mimi nitakaa na binti yangu, na binti yangu atakaa na wanawe, na hakuna atakayeinamisha uso. Wakitoka watu kabla haijaisha, ufunge. Mabati utaezekea zizi."

Muhidini akarudi nyumbani. Kibanda kile ndicho kilichomfanya awe Muhidini. Bila hicho angekuwa mtu tu mwenye mihogo.

Fatu ndiye aliyemtuma mjini Korogwe, kwenye duka la Mohsin, anayeuza redio na kuweka filamu kwenye flashi.

"Nataka ya stelingi mwenye nguvu za ajabu," Muhidini alimwambia. "Watoto wanawapenda hao. Lakini iwe ya kutazama na wazazi."

Mohsin akafikiri, akachomoa flashi moja droo ya chini. "Hii niliangalia na baba yangu, mama yangu na watoto wangu. Hakuna aliyetazama dari."

Wakaitazama wawili, Muhidini na Fatu, mlango umefungwa. Stelingi alikuwa fundi wa mafriji, analelewa na bibi yake ghorofani. Siku moja anapigwa na umeme, anaanza kuruka angani na kunyanyua malori. Adui ana uso wa chuma, anagandisha mito na mabomba ili mji mzima umpigie magoti. Kubusiana hakukuwamo. Damu haikumwagika.

"Ngumi ziko za kutosha, watoto watafurahi," alisema Muhidini.

"Ngumi?" Fatu akacheka. "Baba Mwanaisha, utamu wake uko kwa yule bibi. Huyu kijana anabeba malori, halafu anafika nyumbani anasutwa kwa kuacha viatu mlangoni. Ungemwondoa bibi, hapa pangebaki mtu anayeruka tu. Ndege pia wanaruka."

Muhidini akafurahi. Bibi alikuwa naye tayari.

Jioni ya Idd mosi basi la Handeni likashusha abiria, na Bi Maryamu akawa mmoja wao, na kapu lake na mwamvuli wake. Amekuja kula sikukuu na wajukuu. Na amesikia huko njiani kwamba kesho kuna filamu ya familia.

"Mama anasema na yeye ni familia," Fatu alimnong'oneza mumewe nyuma ya nyumba, akijizuia asicheke.

"Fatu, nimekwisha."

"Tutakufungia shuka pembeni ya televisheni, ukae nyuma yake. Asikuone, usimwone."

"Kuonana si neno. Na sauti je?"

Fatu akaacha kucheka.

Siku ya pili kibanda kilijaa kuliko kilivyowahi kujaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi upande mmoja, wanawake na watoto kwenye mikeka upande wa pili. Mzee Hussein alikaa mbele, mwisho wa benchi, binti yake na wanawe kwenye mkeka ubavuni pake. Bi Maryamu alikaa katikati ya wanawake, mjukuu wake Mwanaisha mapajani. Nyuma ya shuka, kwenye pembe yake ya joto, Muhidini alikuwa anatoka jasho mpaka kipaza sauti kinateleza.

Filamu ikaanza, na bibi akatokea. Muhidini akampa sauti nyembamba, laini, isiyo ya mtu yeyote. "Mjukuu wangu, tafadhali ondoa viatu."

Kibanda kikapoa. Kutoka mabenchi ya nyuma Ukasha, fundi baiskeli mwenye mdomo usiokaa, akapiga kelele: "We Muhidini! Huyo si bibi, huyo ni karani wa posta! Tuletee bibi wetu!"

"Tuletee bibi wetu!" vijana wakaitikia.

Muhidini akajifanya hakusikia. Aliongeza ngumi, akaongeza milio ya radi. Uso wa chuma ulipojaza kioo, mtoto mmoja akaangua kilio, wa pili akamfuata. Hapakuwa na cha kuwatuliza. Bibi ambaye angemfanya adui aonekane mtovu wa adabu tu alikuwa anaongea kama tangazo la redio. Mama mmoja akasimama, mtoto begani, akaanza kutafuta kandambili zake. Mwingine akakunja kanga. Mzee Hussein akageuka kuwatazama.

Kwenye kioo stelingi ameshapigwa. Anarudi nyumbani, nguo ya kurukia imechanika, barafu kwenye nywele. Anagonga mlango. Bibi anafungua, anamtazama juu mpaka chini.

Muhidini alijua kwamba hapa ndipo filamu ilipokaa yote. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani amesimama mbele ya mtu mmoja asiyemwogopa. Akitumia ile sauti, amemvunjia heshima mama mkwe mbele ya kijiji. Asipoitumia, wale akina mama wanatoka, na kibanda kinatoka nao. Akafumba macho.

Akakohoa. Kifupi, kikavu.

"Ehe!" alisema bibi wa stelingi. "Ndiyo saa za kurudi hizi? Na nguo nani ataishona?"

Ukasha alifunga mdomo. Vichwa vikageuka kidogo kidogo kuelekea kwenye mikeka. Yule mama aliyesimama akabaki na kandambili moja mkononi.

Bi Maryamu aliwatazama waliomgeukia, akaitazama televisheni.

"Fatu," alisema kwa sauti ya kusikika, "hivi huyu bibi wa Kizungu ni wa ukoo gani? Mbona anakohoa kama mimi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nyuma ya shuka Muhidini aliona giza. Filamu ilikuwa inaendelea bila maneno, bibi akisogeza midomo tu. Ndipo Bi Maryamu akakaa vizuri, akamnyooshea kidole, si mkwe wake, maana hilo haliwezekani, bali yule kijana wa kwenye kioo.

"Wewe unayeruka! Mwambie huyo anayekusemea, bibi yako hawezi kuanza na nguo. Bibi anauliza kwanza kama umekula!"

Muhidini akafumbua macho. Neno lilikuwa limepita kwa mtu wa tatu, kama inavyotakiwa. Akashika sauti ya stelingi, nene na ya kuchoka.

"Shikamoo, bibi. Sijala."

"Marahaba! Basi ingia ule. Adui utamkuta, haendi popote, hana kwao yule!"

Mabati yakatetemeka kwa kicheko. Mzee Hussein alijipiga paja. Watoto waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao, na yule mama wa kandambili akakaa chini bila kuangalia alipokalia. Kuanzia hapo filamu ikawa na wasemaji wawili. Stelingi akiruka, anaaga kwanza: "Bibi, natoka." Bi Maryamu anamjibu kutoka mkekani: "Funga shingo, huko juu kuna upepo!" Uso wa chuma ukitokea, wanawake wote wanamsuta pamoja: "Hujafunzwa wewe!" Na Muhidini, kwa sauti ya adui, akawajibu kwa unyonge, "Shikamooni, mama zangu," mpaka Mwanaisha mdogo akamwonea adui huruma. Siku ile mkwe na mama mkwe walisemezana kuliko miaka yao yote, na hakuna mila iliyoguswa.

Mito ikayeyuka, mji ukapona. Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda, na hakuna aliyeinuka.

Mzee Hussein akasimama, akasafisha koo. "Ndugu wananchi, sasa tuamue. Wanaotaka kibanda hiki kifungwe..."

"Yule fundi wa mafriji mbona hakuoa?" mwanamke mmoja aliuliza mwenzake.

"Ataoaje, bibi yake hajampata wa kumfaa!"

"Ndugu wananchi," alirudia Mzee Hussein.

"Mwenyekiti, kaa, unaziba!" binti yake mwenyewe alimwambia.

Mzee Hussein akatazama huku na huku akitafuta mkono hata mmoja wa kutaka kifungwe. Akaukosa. Bi Maryamu alikuwa anamtikisa Mwanaisha begani.

"Nenda nyuma ya lile shuka, mjukuu wangu. Muulize baba yako kama kuna nyingine."

Mwenyekiti akakaa, akasogea asiwazibe walio nyuma. "Hakifungwi," alisema, "na mtoto asiingie bila mtu mzima wake. Haya, Muhidini, weka."

Nyuma ya shuka Muhidini alifuta uso kwa mkono wa shati, akachomeka flashi nyingine, akashika kipaza sauti.