Klachi Niliyoikaza kwa Mkono Wangu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya msiba. Ilikuwa asubuhi ya kawaida hapa hapa Hamugembe, mjini Bukoba, jua limeshapanda juu ya migomba, nami nimechuchumaa mbele ya pikipiki ya mtu nikiwa nimejaa sifa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Leo mnaniita mzee wa gereji, lakini nikiisimulia siku hiyo bado uso unaniwaka kwa aibu.

Wakati huo jina langu lilikuwa limeanza kuvuma mjini kwa jambo moja tu, klachi. Vijana wa bodaboda waliopenda kushindana kupanda milima na abiria wawili walikuja kwangu wakisema, "Fundi, nikazie." Nami nilijua kukaza. Wewe unajua, ndani ya klachi kuna pleti zinazobanana ili nguvu ya injini ifike kwenye tairi, na kinachozibana ni springi. Nilikuwa nikiweka kwenye kila springi pete ndogo ya chuma, washa ya kawaida tu, ili springi ijikunje zaidi na kubana kwa nguvu. Ukiachia klachi ya namna hiyo, pikipiki inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kasoro yake ni kwamba ule mkono wa klachi, tunaoubana kwa vidole vya kushoto, unakuwa mgumu. Vijana hawakujali. Mimi nami sikujali, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa kama koleo.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Pastori, hakuupenda mchezo huo. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumkabidhi mtu pikipiki iliyofunguliwa klachi, alimkalisha juu yake injini ikiwa imezimwa, akamwambia abane na kuachia, abane na kuachia. Yeye hakutazama mkono hata kidogo. Alitazama uso. "Mtu atabana hata kama anaumia," aliniambia, "kwa sababu anaona haya kusema. Lakini uso utasema." Mimi nilimwona mzee anayechelewesha kazi, basi.

Asubuhi hiyo Fundi Pastori hakuwepo, alikuwa amekwenda kuzika ukweni. Akaja Mzee Deo, au Ta Deo kama tunavyosema huku kwetu, katekista kutoka Ngenge, kule Muleba. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi hata baada ya safari ndefu ya vumbi. Pikipiki yake ndiyo iliyomzungusha vigangoni, na ndiyo iliyombeba mkewe, Ma Leokadia, kila walipokuwa na safari. Sasa ilikuwa imechoka. Ikifika mlimani na mama yuko nyuma, injini inalia tu bila kuvuta.

"Nataka ipande naye, mwanangu," aliniambia. "Inatia aibu. Mimi napanda na chombo, mama wa watu anapanda kwa miguu."

Nilifungua nikakuta pleti zimekwisha. Pleti mpya zingetosha kabisa, na hilo nililijua hata wakati ule. Lakini nilitaka katekista arudi Ngenge akalitangaze jina langu huko. Nikaweka pleti mpya, nikaweka na washa zangu nne. Kisha nikaijaribu mwenyewe mlimani, nikarudi nacheka.

Ta Deo alikaa juu yake akabana mara moja. Akakunja uso kidogo.

"Imekuwa ngumu, mwanangu."

Mimi nilikuwa nafuta spana. Sikuinua hata kichwa. "Mzee, klachi nzima ndivyo ilivyo. Mkono utazoea."

Mkono utazoea! Laiti ningeyameza maneno hayo. Ta Deo alisema, "Haya, wewe ndiye fundi," akanishukuru, akaondoka zake.

Miezi kama miwili ikapita. Siku moja dereva mmoja wa Muleba aliyekuwa akija kwetu kuziba pancha akasema, katika mazungumzo tu, kwamba katekista wa Ngenge ameanguka na pikipiki. Yeye mzima, ila mkewe amevunjika mguu. Mwanangu, nilijua papo hapo. Nilijaribu kujiambia kwamba ni barabara, kwamba ni utelezi, kwamba wazee hawajui kuendesha. Moyo haukukubali. Kesho yake nikafunga spana zangu kwenye gunia, nikapanda basi hadi Muleba, kisha nikatafuta usafiri wa kushuka Ngenge.

Nyumba yao ilikuwa katikati ya kibanja kilichotunzwa vizuri, migomba imetandikiwa majani makavu chini. Ma Leokadia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa hogo la plasta. Ta Deo alinipokea kana kwamba nimekuja kuposa. Akaingia ndani, akarudi na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni kabla ya neno lolote. Mkono wa kulia ulibeba kigoda changu. Kikapu kidogo cha kahawa alikiweka juu ya kiganja cha kushoto, akakisogeza mbele yangu.

Hapo ndipo nilipouona ule mkono. Vidole viwili vilikuwa vimenyooka, havikunjiki. Panga lilimkata zamani akiwa anakata mkungu. Asubuhi nzima kule Hamugembe nilikuwa nimezungumza na mtu huyu, nimesalimiana naye kwa mkono wa kulia, nimemkazia kitu kinachobanwa kwa mkono wa kushoto, na sikuwahi kuutazama.

Ma Leokadia ndiye aliyenisimulia. "Ng'ombe walikatisha barabara kwenye mteremko. Akabana klachi, haikuja yote. Akakanyaga breki, pikipiki bado inasukuma, ikatikisika, ikazima, tukalala nayo. Taratibu tu, baba. Ila ililalia mguu wangu." Kisha akacheka kidogo, kama wake wanavyowacheka waume zao. "Na alivyojitahidi huyu! Kila asubuhi baada ya sala anakaa pale mlangoni na mpira wa majani ya mgomba, ule wa watoto, anaubana kwa mkono wa kushoto. Namuuliza, wewe una nini? Anasema fundi kasema mkono utazoea."

Ta Deo alitazama chini, kwa haya, kama vile yeye ndiye aliyekosea.

"Nilijitahidi, mwanangu," alisema. "Mkono wangu ndio mkaidi."

Ungefikiri hapo nilipiga magoti nikasema kweli. Sikusema. Nilitoka nje haraka, nikamwaga oili, nikafungua kifuniko na kutoa washa zote nne. Ta Deo akaja kusimama nyuma yangu. "Umeona nini?" Nikazifumba kiganjani, nikamwambia springi zilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Nikazitia washa mfukoni. Akanijibu kwamba Mungu anibariki kwa kuacha kazi zangu na kuja mbali namna hiyo. Nikaipeleka pikipiki mlimani kuijaribu, ikapanda bila shida yoyote. Haikuwa imezihitaji zile washa hata siku moja.

Nilipoinama kumuaga, alinifungia ndizi za kupeleka nyumbani. Nilizibeba hadi Bukoba. Mama yangu alizipika, akanipakulia, nikashindwa kuzila. Aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema ndiyo.

Jumapili iliyofuata nilirudi Ngenge. Safari hii sikubeba spana. Nilizitoa zile washa mbele yao wote wawili, nikaziweka kwenye mkeka karibu na ule mguu, nikaeleza kila kitu, hata ule uongo wa kiwandani. Nilikuwa nalia, sitakuficha.

Ta Deo akasema, "Nilizisikia zikigongana mfukoni mwako siku ile ulipoinama kuniaga. Nikamwambia mama, huyu kijana atarudi."

"Mimi nilibisha," alisema Ma Leokadia. Akanitazama usoni. "Lakini kwa nini hukumuuliza tu? Alikuambia ni ngumu."

Niliutazama ule mkono wa kushoto wa Ta Deo, mwanangu. Walinisamehe wote wawili, nikala kwao, nikashiba. Lakini mguu wa Ma Leokadia uliunga vibaya. Mama yule aliyekuwa akipanda kila mlima kwa miguu kabla sijaigusa pikipiki yao hakuweza tena kupanda hata ule mdogo wa kwenda kanisani. Ta Deo alitaka pikipiki ipande naye, na kweli ilipanda naye, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Msamaha niliupata. Mguu sikuweza kuurudisha.

Sasa sikiliza, kwa kuwa wewe ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi, na ndiyo sababu nakuogopea. Kukaza ni rahisi, kila anayejua kushika spana anaweza. Kazi yenyewe ni kujua mkono gani utakuja kubana ulichokikaza. Usiipime kazi ya mtu kwa mwili wako. Mkalishe mwenye chombo, mwambie abane, nawe utazame uso wake mpaka akuchoke. Akikuambia kitu ni kigumu, basi ni kigumu, hata kama kwako ni laini kama siagi. Na hili silo la gereji peke yake. Utaoa, utalea, utasimamia watu. Siku utakapojisikia unamwambia mtu atazoea, nyamaza kwanza, mtazame mkono wa kushoto.

Mungu akujalie ufundi, mwanangu, na macho ya kuona vidole vya mwenzako kabla hujakaza. Akupe ulimi mzito wa kujibu na sikio jepesi. Na siku utakayokosea, kwa kuwa utakosea, akupe nauli na miguu ya kurudi kwa uliyemkosea, na akukutanishe kule na mtu ambaye amekwisha sema kwamba utakuja.