Ngoma Iliyobaki na Neno

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili ili mdogo wangu asome. Hatukukaa kujadili. Yeye alikuwa na kichwa cha darasani, mimi nilikuwa na mikono ya kufyatua matofali hapa Visiga. Mwaka huu aliingia kidato cha tatu. Ana ualbino, na anapenda mpira kunizidi. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda uwanjani pamoja, yeye na kofia yake pana, akibishana na watu wazima kuhusu kuotea.

Msimu huu timu yetu ilipangiwa timu ya Kisarawe inayovaa nyeupe kuanzia jezi mpaka soksi. Ile kuingia tu uwanjani, watu wetu wakaanza kuimba, "Zeruzeru! Zeruzeru!" Ngoma ikalidaka neno, ikaligonga mbili mbili, na wamama wakacheza. Mdogo wangu alishusha kofia mpaka puani.

Wimbo ukamfuata shuleni. Kabla wiki haijaisha alivua sare, akaikunja vizuri, akaniambia, "Kaka, nitakusaidia kwenye matofali."

Sikulala vizuri tena. Nilikwenda kwa mpiga ngoma wetu, fundi pikipiki ambaye ndiye anayeongoza ushangiliaji. Alishangaa kweli. Akasema dogo ni wetu, wao wanaisema jezi. Akawaita wenzake pale gereji. Mmoja akalalamika kwamba tukianza hivyo, kesho tutakatazwa kumwita refa kipofu, tutakaa uwanjani kama tuko msibani. Wakacheka. Mama muuza mihogo, ambaye hakuna anayemzidi kwa kushangilia, hakucheka.

"Kama mnaisema jezi," aliuliza, "mbona hamsemi nyeupe?"

 Wakakubaliana neno lile liachwe, na fundi akanipa mkono. Nilirudi nyumbani nusura nikimbie. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mechi ya marudiano atakwenda, akaone mwenyewe. Kama ni kweli, Jumatatu atarudi shule.

Kule Kisarawe watu wetu walitimiza ahadi. Hakuna hata mmoja aliyelitamka. Lakini walipoingia uwanjani wale wa nyeupe, mikono ya fundi ikafanya ilichozoea. Ngoma ikalia mbili mbili, bila maneno. Watoto wa Kisarawe waliokaa upande wa pili, ambao mechi ya kwanza walikuja na timu yao, waliusikia mdundo, wakaujua, wakaujazia neno wenyewe huku wakirukaruka. Walikuwa wanaitukana timu yao, na hawakuwa na habari.

Nilikwenda nikaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Inalisema," nilimwambia.

"Nani?"

"Ngoma. Bado inalisema."

Aliwasikiliza wale watoto. Mkono wake ukabaki juu. Nilipogeuka, mdogo wangu hakuwa pale nilipomwacha. Nilimkuta nyuma ya vibanda, ameupa uwanja mgongo. Nilimwomba anisamehe, ingawa sikujua nimekosa nini.

Jumatatu fundi alikuja nyumbani bila ngoma. Mdogo wangu hakutoka chumbani, ikabidi aongee na mlango. Akasema mdundo ule ameufuta, hataupiga tena maisha yake.

"Utaufutaje, fundi?" sauti ilitoka ndani, ya upole kabisa. "Si wataugonga kwenye madawati?"

 Fundi akaaga.

Ngoma sasa imefunikwa gunia pale gereji, tunashangilia kwa makofi. Mama wa mihogo anasema uwanja umepoa, lakini hajamwambia mtu airudishe.

Mimi kila alfajiri nawasha mkaa, naipiga pasi ile sare, naitundika kwenye msumari wa mlango wake, ndipo nakwenda kwenye matofali. Jioni naikuta palepale, mikunjo yote kama nilivyoiacha. Naishusha, naikung'uta vumbi, naiweka tayari kwa kesho.