Koti la Kupandia Mlima

Juzi sokoni Kilifi nilimwona bwana mmoja akijaribu koti zito la sufu saa sita mchana, jasho likimtiririka. Anapanga na wenziwe kupanda Mlima Kenya kwa baiskeli.

"Huko juu pumzi ni haba," muuza mitumba alimwonya.

"Mazoezi ninayo. Kila alfajiri napanda daraja letu kwa baiskeli."

Mkewe alimfunga vifungo taratibu, mpaka kidevuni. "Mlima Kenya wauweza, mume wangu. Kwa mamangu kule Jilore hujakanyaga tangu harusi, wasema njia ina vilima."

Bwana akavua koti, akauliza leso nzuri za mtu mzima ziko duka gani.

Baridi ya mlimani, wasomaji wangu, dawa yake koti. Ya mama mkwe haiendewi mikono mitupu.