Siku Shingo Yangu Ilipochagua Mchumba

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba siku ya posa yangu sikumbuki kitu kwa sababu ya furaha, na huo ni uongo mtupu: nakumbuka kila kitu, hata rangi ya kofia ya Muzee Gaspari, na ikiwa leo naungama kwa kalamu, ni kwa sababu wifi yangu amekwisha kulisimulia jambo hili katika kila arusi ya Goma, tena kwa chumvi nyingi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimetoka kumaliza chuo cha ualimu (wasichana wa namna hiyo tulihesabika kwa vidole, na tulilijua hilo kupita kiasi). Siku kumi na moja kabla ya posa nilipanda lori kutoka Sake, na karibu na ziwa la Lac Vert dereva akakanyaga breki ghafula kwa ajili ya ng'ombe aliyelala barabarani, kichwa changu kikarushwa mbele kikarudishwa nyuma kama cha kuku anayetembea. Ng'ombe hakupata neno, mimi nikaamka kesho yake na shingo ngumu kama mchi.

Jirani yetu Papa Atanasi, muuguzi aliyefundishwa kukanda na kunyoosha viungo, akanikanda kwa kitambaa cha moto, kisha akanipa mazoezi: kichwa kulia polepole, rudisha, kushoto polepole, rudisha, mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni.

"Mwalimu, shingo ni kama bawaba ya mulango. Ukiiacha, inashika kutu. Ukiilazimisha, inavunjika. Kidogo kidogo, kila siku. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nilisikia, lakini sikufanya. Wadogo zangu walinicheka nikigeuza kichwa kama bundi, na zaidi ya hayo, mgonjwa aliyelala na kitambaa shingoni aliletewa maziwa ya Masisi na ndizi mbivu, na mimi sikuona haraka ya kupona. Asubuhi ya posa nikapiga hesabu: mara thelathini kwa siku kumi ni mara mia tatu, nikaamua kuzimaliza zote kabla ya wageni kufika, kama nilivyozoea kumeza daftari zima siku ya mtihani. Nilipofika mia moja arobaini kitu kikalia *kra!*, na uso wangu ukabaki umeelekea kushoto.

"Geuka nikufunge kitambaa," mama akasema.

"Nimegeuka, mama. Ndiyo hapa nilipofika."

"Yesu wangu! Bakwe wako mulangoni! Basi utaangalia chini."

"Chini hakuendi."

Sasa, kwetu msichana hakuulizwa kwa mdomo. Mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, uliwekwa katikati ya ua, naye alipaswa kumtazama kijana anayemtaka, kisha anywe kidogo kwa mrija. Wazee wa wakwe walikaa mbele yangu. Silvestri, mchumba wangu, upande wa kulia. Na kushoto? Kushoto alikaa rafiki wa baba, Muzee Gaspari, mwuza viazi wa Kiwanja, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na kofia mpya ya kijani.

"Mutoto yetu," mshenga akasema, "tuonyeshe na macho: hii kasiksi utakunywa na nani?"

Ua wote ukafuata macho yangu. Nilijaribu kugeuka, maumivu yakanitoa machozi, na machozi yale (msinicheke) yalifanana sana na ya mapenzi. Muzee Gaspari akavua kofia, akaivaa tena vizuri zaidi.

"Ah! Hata mie sikujua," akasema kwa upole.

"Mbuzi tatu!" shangazi wa Silvestri akapiga kelele. "Tumeleta mbuzi tatu kumuolea mutu wa viazi!"

Kwa kuwa shingo ilikataa, nikageuza mwili mzima ili macho yamfikie Silvestri, na hapo ndipo nilipowapa wakwe zangu mgongo.

"Anatupa mugongo! Fungueni mbuzi, twende!"

Papa Atanasi akasimama. "Musikasirike, bazee. Hii si moyo, ni shingo. Mwalimu, ulifanya mazoezi?"

"Nilifanya, Papa."

"Mara ngapi?"

"Mia moja arobaini."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Walicheka hadi mbuzi wakalia, isipokuwa shangazi, aliyekwisha kushika kamba.

"Leo hakuna kuigusa," Papa Atanasi akasema. "Itarudi kwa siku zake."

"Basi na sisi tutarudi kwa siku zake," shangazi akajibu, akaanza kuvuta mbuzi.

Ndipo Silvestri, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akainua kiti chake, akavuka ua, akasimama mbele ya Muzee Gaspari.

"Muzee, naomba nafasi."

"Lakini mie nimekwisha kuchaguliwa!"

Hata hivyo akasogea. Silvestri akaketi mahali pale macho yangu yalipokuwa yamekwama.

"Shingo yake ikikataa kuja," akasema, "mie nitaifuata."

Shangazi akaachia kamba. Wakanisogezea mtungi, wakauelekeza mrija kinywani mwangu, nikanywa.

Wiki tatu Papa Atanasi alinikanda, na mazoezi nikayafanya asubuhi, mchana na jioni, shangazi yule yule akihesabu kwa sauti ili nisimwibie hata moja. Nimeapa tangu siku ile kutofanya kazi ya siku kumi kwa asubuhi moja, na wanafunzi wangu wanaongoja siku ya mtihani ndipo wafungue daftari hushangaa kuniona nikijishika shingo. Lakini Muzee Gaspari hakukata tamaa upesi: katika kila karamu alitafuta kiti upande wangu wa kushoto, akanyoosha kofia yake ya kijani, akamwuliza mume wangu, "Ile shingo imepona kabisa kabisa?"