Kikapu cha Mama Kwenye Maonyesho ya Wachina

Kiangazi kikifika, Misigiri yote ilinuka vitunguu. Vilirundikwa uani, kando ya barabara, hata chini ya kitanda nilicholala na wadogo zangu, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye uji, kwenye madaftari ya shule. Ilikuwa miaka ya ruksa, kama watu walivyoiita, bidhaa za nje ziliporuhusiwa tena. Duka la kijiji, ambalo nililizoea likiwa na chumvi na viberiti tu, lilianza kupata sabuni za kunukia, ndala za rangi, na chupa za chai zenye picha za maua mekundu ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakiota popote. Sisi watoto tulijua kwamba vitu vizuri vyote vinatoka China, ingawa hakuna aliyejua kama China iko huku au ng'ambo ya mlima wa Sekenke.

Mama yangu, Naemi, alisuka vikapu vya kabila letu la Wanyiramba. Mchana alikuwa shambani kama wanawake wengine, lakini jioni alikaa mlangoni na majani yake makavu, mengine ameyachemsha na magome ya mti mpaka yakawa mekundu, mengine ameyazika kwenye tope mpaka yakawa meusi. Alikuwa na mchoro mmoja aliourithi kwa mama yake, mstari mweusi unaopinda na kurudi, akauita njia ya ng'ombe. Kikapu chenye mchoro huo kilimchukua msimu mzima wa masika, na hakuwahi kukiuza. Kwa hiyo shangazi Rebeka, dada yake baba aliyekuwa akifanya kazi dukani Singida mjini, alipokuja kukiomba, mama alikipakata kwanza mapajani.

"Wifi, Wachina wanaleta maonyesho ya kazi zao za mikono," shangazi alisema. "Wameomba na za kwetu ziwekwe pembeni ya zao. Kikapu chako kitakaa mezani, watu wote wakione."

"Na watajua ni changu?"

"Wataandika jina lako. Mimi mwenyewe nitasimamia."

Mama alikifuta vumbi kwa upande wa khanga yake, akampa. Toka siku hiyo alibadilika. Aliimba akipepeta. Aliniuliza Wachina husalimiana vipi, kana kwamba shuleni tulifundishwa. Asubuhi ya safari alioga mapema, akajipaka mafuta, akavaa gauni la kanisani na viatu alivyoviweka tangu ubatizo wa mdogo wangu, kisha akamgeukia baba na kumuuliza kama kilemba kimekaa sawa. Baba alisema kimekaa. Tukapanda lori la vitunguu kwenda Singida mjini, sisi watatu, mama akiwa amejifunga shuka ili gauni lisichafuke.

Sitasema uongo, vitu vya Wachina vilikuwa vizuri kuliko nilivyowaza. Ukumbi ulikuwa na taa za kitambaa kilichokunjwa kama majani ya mgomba machanga, na birika la udongo mweupe lenye kuta nyembamba kiasi kwamba mwanga ulizipenya. Kulikuwa na kiti cha mianzi kilichopindwa bila msumari hata mmoja. Mama alikiinamia kiti hicho, akafuata kwa kidole mahali mianzi ilipokutana. Mwanamke wa Kichina aliyesimama hapo alicheka, akachukua vipande viwili vya mianzi na kumwonyesha polepole jinsi alivyovipitisha. Mama akafungua pindo la shuka lake, akavuta nyuzi, akamwonyesha na yeye alivyozoea kupitisha zake. Walielewana bila neno. Sijawahi kumwona mama mwenye furaha kama pale.

Kisha nikakiona kikapu chetu. Kilikuwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, kimeegemezwa kadi. Nilikuwa najivunia kusoma, na mama hakujua kusoma, kwa hiyo nikakimbia mbele na kupaza sauti: "Kikapu cha Kinyiramba. Kimesukwa na Rebeka."

Mama alidhani nimekosea. "Soma tena, mwanangu." Nikasoma tena, sauti ikipungua. Shangazi alikuwa hatua chache tu, amevaa kitenge kipya, akiwaeleza wageni jinsi bibi yake alivyomfundisha mchoro ule. Macho yake yalikutana na yetu. "Karibuni," alisema. Akawageukia wageni: "Huyu ni wifi yangu, ametoka kijijini kuja kuangalia."

Nilingoja mama apige kelele. Badala yake alimtazama baba, na baba alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo mama akaelewa.

"Ulijua?"

"Wachina wanatafuta msukaji wa kwenda kufanya kazi nao Dar es Salaam," baba alisema kwa sauti ya chini. "Mtu anayeweza kuongea mbele za watu. Wewe ungewaambia nini?"

"Ningewaambia ninavyosuka."

Shangazi alichaguliwa, akaenda. Baadaye alituma watu mara kwa mara kuomba vikapu vingine, na mama alimrudishia salamu tu. Hakusuka tena njia ya ng'ombe. Hata mimi hakunifundisha.

Leo ninaishi Dodoma, na vitu vya China havihitaji safari. Nimezungukwa navyo jikoni mpaka chumbani, na siviangalii mara mbili. Nikiwa Misigiri hukutana na vikundi vya akina mama wanaosuka vikapu vya kuuza, kila mmoja ameshonea jina lake ndani, na hufurahi kwa ajili yao. Baba alishafariki. Mwaka jana nilimuuliza mama kama bado ana kinyongo na shangazi. Alishangaa.

"Rebeka alitaka kuonekana," alisema. "Hata mimi nilitaka. Lakini baba yako alijua tangu nyumbani, akaniangalia ninavyojipamba."